Nakala ya Raundi ya Saba

Mjane wa Mwiba alifika karakana saa nne asubuhi, Nyundo akiwa amejifunika kinga ya uso anaunga komeo la geti la mtu. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akitazama cheche zikiruka na kufa sakafuni, mpaka fundi rangi alipopaza sauti kutoka pembeni.

"We bwana, zima huo moto! Umepata mgeni wa maana, si hawa wanaokuja kuuliza bei na kupotea."

Nyundo akainua kinga. Akamtambua palepale. Alikuwa amemwona mara moja tu maishani mwake, miaka kumi na moja nyuma, kwenye ukumbi wa hospitali, mwanamke mwenye mimba kubwa amekaa kwenye benchi huku kashika viatu vya mumewe mapajani. Kuna sura ambazo hazimtoki mtu hata akiomba zimtoke.

"Habari za kazi," mwanamke alisema.

"Njema, dada. Karibu."

"Sikai. Na sikuja kwa shari, usinitazame hivyo." Akaukaza mkoba kifuani. "Nina mtoto wa kike. Ana miaka kumi na moja, hajawahi kumwona baba yake akitembea. Picha za ukutani ninazo. Akitembea, akicheka, sina. Nimeambiwa diski ya lile pambano unayo wewe."

"Nani kakwambia?"

"Aliyepiga video. Nilimkuta wodini, anaumwa sana. Akasema zile zilizouzwa mitaani zilikatwa mwisho wake, na hata hizo siku hizi huzioni. Nzima iko kwako." Akaongeza haraka, kama anayeogopa kukatizwa, "Nataka nakala tu. Yako baki nayo."

Brashi ya fundi rangi ilikuwa imesimama hewani, rangi inamdondokea kiatuni.

Nyundo alikuwa na uwongo tayari kabisa. Ilipotea, tulihama nyumba, panya waliitafuna, chochote. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa kingine. "Nipe mpaka Jumapili."

Mwanamke akaandika kwenye kipande cha karatasi namna ya kufika kwake, akakiweka juu ya meza ya chuma, akaondoka bila kuaga.

Watu wa rika la Nyundo wote walilijua lile pambano. Nyundo na Mwiba, raundi kumi, ukumbi umefurika mpaka watu wanakaa madirishani. Raundi ya saba Mwiba akalala chini na hakuamka tena. Siku ya tatu akafariki. Chama cha ndondi kikakaa, refa akasema ngumi za mwisho zilikwenda pamoja na kengele, ikaandikwa hivyo na kugongwa muhuri. Watu wakampa Nyundo mkono wa pole wakamwambia ndio mchezo wenyewe ulivyo. Yeye akatundika glavu, akajifunza kuunga vyuma.

Mwezi mmoja baadaye mpiga video akamfuata nyumbani, akamtia diski mkononi kama mtu anayekabidhi kitu cha wizi. "Hii haikukatwa. Kuna mambo baada ya kengele. Utajua mwenyewe la kufanya, mimi simo." Nyundo hakuitazama hata siku moja. Alichojiambia ni kwamba hakuisikia kengele. Masikio yalikuwa yamejaa damu na makelele, mtu angesikiaje? Alijiambia hivyo wakati wa kuoga, wakati wa kula, wakati wa kuunga mageti ya watu, mpaka maneno yale yakawa laini kama jiwe la mtoni. Siku moja tu alichukua msumari akaanza kuikwaruza ile diski ukingoni. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mkewe akaingia chumbani, naye akaisukumia chini ya mashati, na tangu hapo hakuigusa tena.

Jioni ya siku mjane alipokuja, aliitoa, akampelekea bintiye.

Binti yake alikuwa na miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na kompyuta ya nyumbani ilikuwa mali yake kwa jasho lake. Ilikaa sebuleni juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma utadhani bibi harusi. Ilikuwa ya zamani, na ilikuwa na draivu moja tu ya kusomea diski.

"Leo baba kataka kompyuta!" binti alicheka. "Mama, njoo ushuhudie!"

"Nitolee nakala ya hii."

Binti akaigeuza diski kwenye mwanga wa dirisha. Kicheko kikapungua. "Hii imekwaruzwa, baba."

"Ilianguka."

"Kitu kikianguka hakichubuki hivi. Mistari minne, imenyooka, yote ukingoni." Alimtupia jicho, kisha akaacha. "Haya. Tujaribu."

Akaitia ndani. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi, ile anayoijua kila mtu: kufungua diski, kushika faili la video, kuliburuta mpaka ndani ya kompyuta. Mstari wa kijani ukatambaa vizuri, ukafika asilimia themanini na tatu, ukasimama. Draivu ikaguna, ikakohoa, kisha kompyuta ikatoa ujumbe kwamba haiwezi kusoma, na vyote ilivyokwisha kubeba vikatupwa.

"Ndiyo hivyo," binti alisema. "Kwa njia hii, ikikutana na tundu moja inamwaga mzigo wote. Sasa sikiliza, tuna njia mbili zimebaki. Nina programu inayonakili diski nzima kama ilivyo, kuanzia chembe ya kwanza mpaka ya mwisho, inaweka ndani ya kompyuta, halafu tunachoma kwenye diski tupu. Inaniuliza swali moja tu: nikikuta mahali pabovu nifanyeje? Nikiiambia iruke, inaruka, inaweka utupu pale, inaendelea. Robo saa tumemaliza. Lakini panaporukwa, picha inakufa."

"Na nyingine?"

"Nyingine naiambia isiruke chochote. Isome kwa mwendo wa konokono, kila pabovu irudie mara mia, mara elfu, mpaka ing'oe kilichopo. Hiyo ni kazi ya kutwa. Na inaweza kuniulia draivu, hii mashine ni mzee."

Nyundo akajikuna kidevu. "Pabovu hapo ni sehemu gani ya video?"

"Diski husomwa kutoka katikati kuja nje. Kwa hiyo ukingoni ni mwisho." Alisubiri. "Mwisho wa pambano, baba."

"Basi iruke," alisema Nyundo. "Fanya hiyo ya robo saa."

Hakujua kwamba mtu anaweza kuona aibu mbele ya mashine, lakini aliiona.

Ilipokwisha wakaijaribu. Mwiba akatokea kwenye kioo, mzima, kijana, anapita katikati ya watu huku akirukaruka kama anayekanyaga sakafu ya moto. Aliibusu glavu yake, lile busu akamtupia mtu wa mstari wa mbele. Kisha kengele, na kazi ikaanza. Nyundo alikuwa amesahau jinsi yule bwana alivyokuwa mwepesi. Raundi ya pili Mwiba alimpasua nyusi ya kushoto kwa ngumi mbili ambazo hata kwenye video hazionekani zinatoka wapi. Raundi ya nne damu ya Nyundo ilimwagikia shati la refa. Raundi ya tano Nyundo akaanza kumpata tumboni, chini ya mbavu, mara moja, mara mbili, sauti ikitoka kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo. Raundi ya sita Mwiba alirudi kwenye kona yake akicheka, meno yote mekundu. Binti alikuwa amejishika mdomo.

Katikati ya raundi ya saba kioo kikajaa vipande vya rangi, sauti ikakatika, na picha iliporudi ulingo ulikuwa umejaa watu na mtu mmoja amelala.

"Inatosha?" binti aliuliza.

"Inatosha. Mama wa watu kataka kumwona mumewe anatembea. Si anatembea?"

Binti akageukia mashine. Alichoma ile nakala kwenye diski tupu, akaitia kwenye bahasha, akampa baba yake kwa mkono mmoja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Siku iliyofuata, Ijumaa, mdogo wake Mwiba akaja karakana.

Alikuwa mpakiaji kwenye ghala la saruji, jitu la mabega mapana, vumbi jeupe limemganda kwenye nyusi na masikioni. Hakusalimu. Aliingia moja kwa moja mpaka pale Nyundo alipokuwa amechuchumaa anapima bawaba.

"Simama."

Nyundo akasimama.

"Shemeji yangu kaja hapa kukupigia magoti?"

"Hakupiga magoti. Kaomba kitu, nimemwahidi."

"Umwahidi wewe? Ulimuua kaka yangu, tukanyamaza. Tumemzika, tumenyamaza. Sasa unataka kutugawia sinema?" Akasogea hatua moja. "Mtoto wa kaka yangu akae mbele ya televisheni akuone wewe unampiga baba yake?"

"Ndugu yangu, hebu tukae..."

"Mimi si ndugu yako!"

Kipande cha bomba kilikuwa kimeegemea ukuta. Yule bwana alikikamata na kukizungusha kwa mpigo mmoja, kikatua kwenye bega la kushoto la Nyundo kwa mlio ambao fundi rangi aliusikia akiwa nje. Nyundo akapepesuka, akagonga meza, misumari ikamwagika sakafuni. Bomba likainuliwa tena. Kama lingetua lingemfungua kichwa.

Halikutua. Mwili wa Nyundo uliinama wenyewe, bila kumwomba ruhusa, bomba likapita juu, na mkono wa kushoto uliokuwa umekufa ganzi ukaingia ini la yule bwana kama ulivyofundishwa miaka ishirini nyuma. Pumzi ikamtoka yote. Kisha wa kulia, mfupi, wa kwenye taya. Bomba likaanguka. Yule jitu akaenda chini magotini, mgongo ukajibwaga kwenye geti jipya, mikono imelegea pembeni, macho yamegeuka meupe.

"Basi!" fundi rangi alikuwa anakimbia na kopo mkononi. "Kaanguka, bwana! Basi!"

Nyundo alilisikia neno lile. Alilisikia vizuri kabisa, kila herufi, kama mtu aliyemnong'oneza sikioni. Na akampiga tena.

Kichwa cha yule mtu kiligonga chuma, geti zima likalia. Meno mawili yakatoka na mate na damu, yakabingirika kati ya misumari. Mkono wa Nyundo ulikuwa umesharudi nyuma kuandaa mwingine wakati fundi rangi alipomrukia mgongoni na kumkaba shingo, kopo la rangi ya kijani likawamwagikia wote watatu.

"Umerogwa?" alikuwa anahema. "Unataka kuua tena? Mtu hana hata fahamu!"

Nyundo akakaa chini kwenye rangi. Alitazama ngumi yake ya kulia kana kwamba ni ya mtu mwingine iliyowekwa pale kwa bahati mbaya. Wakammwagia yule bwana maji mpaka akafumbua macho. Alipoweza kusimama alitema damu miguuni pa Nyundo, akaondoka akishika kuta.

"Kakuanza yeye," fundi rangi alisema akijifuta rangi usoni. "Ile ya kwanza na ya pili, sina neno. Nitakusimamia popote. Lakini ile ya tatu, ndugu yangu, ile ya tatu..." Akaacha hapo, akaanza kuokota misumari.

Nyundo alifika nyumbani mapema, vidole vimevimba, nguo kijani kifuani. Alimpita mkewe bila kumjibu salamu. Aliitoa ile bahasha, akaivunja diski iliyokuwamo vipande viwili juu ya goti.

"Ile njia nyingine," alimwambia bintiye. "Ya kutwa nzima. Ianze."

"Baba, mkono umefanyaje?"

"Ianze, mwanangu. Draivu ikifa nitakununulia nyingine."

Wakaianza Jumamosi asubuhi, binti hakuwa na zamu. Kwanza aliiosha diski kwa maji na sabuni. Kisha akachukua dawa ya meno, tone dogo, akaipaka kwenye ile mikwaruzo kwa kitambaa laini, akisugua kutoka katikati kwenda nje, kwenda nje, bila kuzungusha. "Ukizungusha unaongeza mistari inayofuata njia yake," alisema, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote siku ile. Akasuuza, akakausha, akaitia ndani. Akachagua mwendo wa chini kabisa. Pale programu ilipouliza iruke au irudie, alimtazama baba yake.

"Irudie," alisema Nyundo.

Asilimia themanini za kwanza zilikwenda polepole lakini bila ugomvi. Kuanzia hapo draivu ikaanza kulia. Ilizunguka, ikasita, ikarudi, ikazunguka, sauti kama ya mtu anayejaribu kufungua kufuli kwa ufunguo usio wake. Themanini na tatu ilichukua saa nzima. Mkewe Nyundo alipita na ndoo, akasimama.

"Mnaitesa hiyo kitu au yenyewe inawatesa ninyi?"

Hakuna aliyecheka. Akaweka ndoo chini. Alimfahamu mumewe, alikuwa ameshaishi na kimya chake kwa muda mrefu kiasi cha kujua vyumba vyote vilivyomo. "Ni ile ya Mwiba?" aliuliza. Nyundo akaitika kwa kichwa. Mkewe akavuta kiti, akakaa nao.

Adhuhuri ikapita. Themanini na tisa. Tisini na moja. Nyundo hakula. Ganda la kompyuta lilikuwa la moto mpaka binti akalifungua ubavuni na kulielekezea feni. Kwenye tisini na sita mstari uligoma kabisa, namba ya marudio ikawa inapanda tu, mia nne, mia tisa, elfu moja na mia mbili. Binti alisogeza mkono kuelekea kitufe cha kuruka.

"Usiguse," alisema baba yake.

Saa kumi kasoro mstari ukajaa. Kati ya maelfu ya chembe, programu ilisema, zilizoshindikana ni kumi na saba tu.

Wakaitazama raundi ya saba wote watatu. Picha ilitetemeka mara mbili tatu, lakini ilikuwa picha. Nyundo alimwona Nyundo akimsukumia Mwiba kwenye kamba, akimpiga mwilini, kushoto, kulia, kushoto. Mwiba akamkumbatia apate kupumua. Refa akawatenganisha. Mwiba akakosa moja, Nyundo akampata ya shavuni, goti la Mwiba likacheza, akashika kamba. Kisha kengele. Ililia wazi, ikayapita makelele yote ya ukumbi, mara tatu.

Mwiba aliteremsha mikono.

Na Nyundo wa kwenye video aligeuza kichwa. Aligeuza kabisa, kulia, upande wa meza ya kengele, akamtazama mtu wa kengele. Kamera ilimpata uso mzima. Kisha akarudi akampiga mtu aliyeteremsha mikono ngumi ya kidevu, na kabla hajafika chini, akampiga nyingine nyuma ya sikio.

Kichwa cha Mwiba kiligonga sakafu kikadunda.

"Baba," binti alisema. "Uligeuka."

"Nimeona."

"Uliisikia ukageuka."

"Nimeona, mwanangu."

Binti alisimama. Akachoma ile nakala, akangoja diski mpya itoke, akailinganisha na iliyomo ndani ya kompyuta kuhakikisha haikupungua kitu, akaiweka mezani bila bahasha. Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango kwa ufunguo. Mkewe Nyundo alibaki ametazama kioo ambacho kilikuwa kimezimika, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Miaka yote hii umeniambia hukusikia," alisema.

"Ndivyo nilivyojua."

"Hapana," mkewe alisema. "Ndivyo ulivyotaka."

Jumapili Nyundo alikwenda peke yake. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, safi, rundo la nguo zimekunjwa kwenye kochi na nyingine zinangoja, maana yule mama alikuwa anapiga pasi nguo za watu. Kwenye kiti cha kona alikaa mdogo wa Mwiba, mdomo umevimba kama mkate. Alinyanyuka alipomwona.

"Kaa," mjane alimwambia shemeji yake. "Mimi ndiye niliyemwita."

"Mtoto yuko wapi?" Nyundo aliuliza.

"Kwa jirani. Nilitaka niione mwenyewe kwanza."

"Umefanya vizuri. Dada, kuna jambo huko mwisho. Nilitaka kukuletea isiyo na mwisho. Ningekuwa nimekuibia."

Mjane alinyoosha mkono akaipokea. Akaitia diski kwenye deki. Alipotokea mumewe akirukaruka katikati ya watu, alicheka kwa sauti kama mtu aliyetekenywa, na lilipofika lile busu la glavu alijishika kifua. "Mimi hapo," alisema. "Hapo ananitupia mimi." Alitazama raundi sita bila kuketi, huku akiongea na yule wa kwenye kioo, akimwambia sogea, akimwambia linda uso, mume wangu linda uso.

Ikaja ya saba. Ikalia kengele.

Mjane akasogea karibu na kioo. Alichukua rimoti akarudisha nyuma. Kengele, kichwa kinageuka, ngumi. Akarudisha. Kengele, kichwa. Akarudisha mara ya tatu akasimamisha pale pale, uso wa Nyundo umejaa kioo, macho yametazama nje.

"Ulisikia?" aliuliza, mgongo umemgeukia.

"Nilisikia."

"Alikuwa ameteremsha mikono."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nyundo alilitafuta jibu kwa uaminifu wote aliokuwa nao. "Nilitaka kumpiga," alisema. "Sina lingine."

Nyundo alikuwa akimchunga kwa jicho la pembeni mdogo wa Mwiba, yule wa saruji. Hakumtazama mwanamke. Alisikia tu waya ukichomoka ukutani. Pasi ilikuja kutoka juu, nzito, bado ya moto, naye akainua mkono wa kulia kukinga uso. Ikamvunja vidole. Aliusikia kila kimoja. Akaanguka kwenye rundo la nguo na mwanamke akamjia juu, akapiga tena, bega, mkono uleule, ukuta, harufu ya nguo na ngozi zinazoungua ikajaa chumba. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahema tu, kama mtu anayetwanga. Nyundo aliondoa mkono usoni. Hakuwa shujaa, aliuondoa kwa sababu ulikuwa haubebeki tena. Aliiona pasi ikipanda na akajua hii ndiyo ya kichwa.

Mdogo wa Mwiba alimdaka shemeji yake kiunoni kwa nyuma, akamnyanyua juu, miguu ikapiga hewani. Pasi ikaruka, ikavunja kioo cha kabati.

"Niache! Niache nimmalize!"

"Shemeji, una mtoto," alikuwa anasema kwa ule mdomo uliovimba, anambembeleza kama anayemlaza mtoto mchanga. "Una mtoto, shemeji. Una mtoto. Nani atamlea?"

Ndipo alipolia. Alilia akiwa ananing'inia vile mikononi mwa shemeji yake, na kilio kile kilikuwa cha miaka kumi na moja, hakikuwa na haya wala mpangilio. Jirani akabisha, hakufunguliwa.

Yule bwana alimfunga Nyundo mkono kwa shuka la mtu, akampakia kwenye pikipiki yake, akamfikisha hospitali. Kwenye dirisha la mapokezi muuguzi aliuliza mgonjwa amefanyaje.

"Kaangukiwa na geti," alisema mdogo wa Mwiba.

Muuguzi akautazama mdomo wake. "Na wewe?"

"Hilohilo."

Wakakaa kwenye benchi. Baada ya muda Nyundo akasema, "Nisamehe ile ya Ijumaa. Ulikuwa umeshaanguka."

"Nyamaza," alisema mwenzake. "Sijakuleta hapa unisemeshe. Nimekuleta usije ukafia kwake." Lakini hakuondoka mpaka Nyundo alipoitwa ndani.

Vidole vitatu havikukunjika tena. Mjane aliipeleka ile diski kwenye chama cha ndondi, nao wakamwita Nyundo mbele ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Refa, sasa mzee wa kutembelea fimbo, alisema hakumbuki. Nyundo alisema anakumbuka. Alirudia maneno yaleyale kituo cha polisi, askari akayaandika kwa mwandiko wa taratibu, akamwambia asisafiri, ataitwa. Miezi minne ikapita hajaitwa, na kila pikipiki iliyosimama nje ya karakana ilimfanya aweke chini alichoshika. Ushindi wake ulifutwa kwenye vitabu, na gazeti moja likaandika habari hiyo kwa herufi kubwa. Wateja wawili wakaja kuchukua mageti yao yakiwa nusu. Fundi rangi hakwenda popote. Alisema yeye ni mzee mno kuanza kuzoea kelele za karakana nyingine.

Nyundo alikuwa anajifunza kuunga kwa mkono wa kushoto, na mistari yake ilikwenda upogo kama ya mwanafunzi. Siku moja mdogo wa Mwiba alipita na mzigo wa saruji, akasimamisha gari bila kushuka. Alisema mtoto amemwona baba yake. Mama yake huzima raundi ya sita ikiisha, anamwambia mashine inaishia hapo. Mtoto sasa anarukaruka nyumba nzima mpaka majirani wanalalamika. Akakanyaga mafuta akaenda zake.

Nyumbani bintiye alikuwa hajasema naye tangu ile Jumamosi. Alimwandalia chakula, alimfulia, alimfunga bandeji mpya kila siku ya tatu kwa mikono isiyo na haraka, ila neno hakumpa. Nyundo hakumlazimisha. Siku bandeji ilipotolewa kwa mara ya mwisho, binti aliushika ule mkono muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, akavigeuzageuza vile vidole vilivyopinda, akavipaka mafuta.

"Unavishikiaje vyuma wakati wa kuunga?" aliuliza.

Nyundo aliogopa kujibu haraka. "Navibana kwa goti," alisema.

"Utajiunguza." Akafunika kopo la mafuta. "Jumamosi sina zamu. Nitakuja nikushikie."

"Kule kuna moshi, mwanangu, na makelele."

"Nimesema nitakuja," alisema binti, akaenda kumwaga maji.